Figo ya Kupewa Yataka Ulinzi



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kulijua, na leo limekwisha kuingia majumbani mwetu. Nalo ni figo ya mtu mmoja kutolewa na kupandikizwa katika mwili wa mtu mwingine, na namna ya kuilinda baada ya hapo. Juu ya upasuaji wenyewe hatutasema mengi, maana huo ni kazi ya mabingwa na humalizika kwa saa chache. Tutasema juu ya miaka inayofuata, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mgonjwa na watu wa nyumba yake, na ndiyo inayoamua kama zawadi ile itadumu au itapotea.

Kwa muda mrefu Mtanzania aliyehitaji figo hakuwa na njia ila kusafiri ng'ambo, aghalabu India. Mwezi wa Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza humu nchini, ikisaidiwa na madaktari wa India. Haikupita hata nusu mwaka, mwezi wa Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma nayo ikafanya kazi hiyo hiyo pamoja na madaktari wa Japani. Basi mgonjwa wa Kondoa, wa Mpwapwa, wa Manyoni au wa Singida hahitaji tena paspoti ili apate figo. Hii ni neema, nasi twashukuru.

Lakini neema ikikaribia sana huonekana nyepesi. Wako watu wanaodhani kupandikizwa figo ni kama kushonwa jeraha: uzi ukitolewa na kidonda kikafunga, mtu hurudi shambani kwake na habari imekwisha. Sivyo. Siku mgonjwa anapotoka hospitali ndipo ulinzi unapoanza, nao hauna mwisho maadamu figo ile ingali ikifanya kazi.

KWA NINI MWILI HUIKATAA FIGO

Mwenyezi Mungu ameujalia mwili askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kuzunguka mchana na usiku wakikagua kila walikutalo. Kila chembe ya mwili ina alama juu yake, na kwa alama hizo askari hujua huyu ni wa nyumbani na huyu ni mgeni. Kijidudu cha ugonjwa kikiingia hutambuliwa kuwa mgeni, kikapigwa. Askari hao hao wakiiona figo ya mtu mwingine, hata iwe ya ndugu wa tumbo moja, huona alama wasizozijua. Wao hawajui kwamba mgeni huyu ameletwa kwa heri.

Alama hizo mtoto huzirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mwanawe hulingana nusu. Ama ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, hesabu yao ni hii: kwa kila ndugu aliye naye, mtu ana bahati moja katika nne ya kulingana naye kikamilifu, bahati mbili katika nne za kulingana naye nusu, na moja katika nne ya kutolingana naye kabisa. Ndiyo sababu madaktari hupima jamaa kadhaa kabla ya kumchagua mmoja. Pacha waliotokana na yai moja peke yao ndio wenye alama zilizo sawa zote. Na kwa hakika upandikizaji wa kwanza uliofaulu duniani ulikuwa wa pacha kama hao. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray alichukua figo ya Ronald Herrick akampa nduguye Richard, naye Richard akaishi miaka minane. Askari wa mwili wake hawakuona mgeni yeyote.

Jambo la pili la kujua ni kwamba mwili hukumbuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mwanachuoni wa Uingereza, Peter Medawar, alichunguza ngozi iliyopandikizwa juu ya watu walioungua. Akaona kuwa ngozi ya mtu mwingine hukataliwa baada ya siku kadhaa, na ikiletwa mara ya pili kutoka kwa mtu yule yule, hukataliwa upesi zaidi. Mwili ulikuwa umekwisha kujifunza. Kwa elimu hiyo na nyingine alizozipata baadaye, alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Kumbukumbu hii yawahusu sana mama zetu. Mwanamke achukuapo mimba, mwili wake hukutana na alama za baba wa mtoto, na huenda ukaunda silaha ndogo ndogo ziitwazo kingamwili dhidi ya alama hizo. Basi mume anapotaka kwa mapenzi yake kumpa mkewe figo, yaweza kuonekana kuwa mwili wa mke umekwisha kujihami zamani. Kadhalika mtu aliyeongezewa damu mara nyingi. Kwa hiyo kabla ya upasuaji majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na chembe za mpaji, ili ionekane kama zinashambuliwa. Zikishambuliwa, figo hiyo haiwekwi hivi hivi, maana yaweza kufa katika muda wa saa chache. Mume asihuzunike akiambiwa hafai. Hilo si upungufu wa mapenzi.

MIZANI YA DAWA

Kwa kuwa askari hawawezi kuelezwa, hapana budi wapunguzwe nguvu. Ndiyo kazi ya dawa ambazo mpokeaji wa figo hunywa maisha yake yote. Dawa ya namna hii iitwayo saiklosporini ilitokana na kuvu iliyopatikana katika udongo wa Norway, ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1978 huko Cambridge, Uingereza. Nyingine, ambayo leo ndiyo itumikayo zaidi, ni takrolimasi. Hiyo iligunduliwa mwaka 1984 katika kijidudu cha udongo wa Tsukuba, Japani. Tazameni maajabu ya Muumba, jinsi vumbi tulikanyagalo linavyoweza kuficha uhai wa watu.

Walakini dawa hizi ni mizani yenye sahani mbili. Zikiwa chache, askari huamka wakaishambulia figo. Zikizidi, askari hulala kabisa, na maradhi yaliyokuwa yakingoja mlangoni huingia: kifua kikuu, kuvu, na virusi ambavyo watu wengi hukaa navyo tangu utoto bila kudhurika. Isitoshe, takrolimasi ikizidi huidhuru figo yenyewe iliyotumwa kuilinda, na yaweza kuleta ugonjwa wa sukari na kutetemeka kwa mikono. Kupima kinga ya mwili maana yake ni kuitazama mizani hii isielemee upande wowote.

Tena kipimo cha mtu mmoja hakimfai mwingine. Imethibitika kuwa wengi wetu wenye asili ya Afrika miili yetu huivunja takrolimasi upesi zaidi, hata huhitaji kipimo kikubwa zaidi kuliko Wazungu wengi. Kwa hiyo wagonjwa wawili waliokaa benchi moja wakingojea daktari wasilinganishe vidonge vyao, wala mmoja asimwazime mwenziwe. Damu ya kila mmoja ina hesabu yake.

VIPIMO NA MAANA YAKE

Vijana wetu wanaosoma sayansi watapenda kujua ni kitu gani hasa kinachotazamwa. Cha kwanza ni kriatinini, nayo ni taka itokayo katika misuli, ambayo figo nzima huitoa kwa mkojo. Figo ikidhoofika, taka hii hupanda katika damu. Ajuaye kusoma kipimo hiki hatazami namba peke yake, hutazama namba ya leo na ya juzi. Mtu ambaye hesabu yake ya kila mara ni 110 akaja akaonekana ana 140, hiyo ni habari kubwa, hata kama yeye mwenyewe ajiona mzima wa kulima ekari nzima. Figo inapoanza kukataliwa mara nyingi haiumi. Haina homa, haina uvimbe, haina kelele. Hapo ndipo penye hatari yote, kwani mwenye maumivu huenda hospitali bila kusukumwa, na asiye na maumivu hujiambia kwamba nauli ya kwenda Dodoma afadhali inunue mbolea.

Cha pili ni mkojo, hupimwa kama una protini inayovuja. Cha tatu ni kiasi cha dawa katika damu. Kwa takrolimasi, damu hutolewa pale dawa ilipo chini kabisa, yaani saa 12 baada ya kidonge cha usiku na kabla ya kile cha asubuhi. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, huhesabiwa kwa nanogramu, na nanogramu ni sehemu moja katika bilioni ya gramu. Wengi huwekwa kati ya nanogramu 5 na 10 katika kila mililita ya damu, wakizidishiwa kidogo miezi ya mwanzo. Mgonjwa akimeza kidonge nyumbani ndipo aende kutolewa damu, hesabu itapanda kwa uongo. Daktari aweza kudhani dawa imezidi, akaipunguza, na figo ikabaki bila mlinzi. Kwa hiyo kidonge cha asubuhi kitiwe mfukoni, kimezwe baada ya damu kutolewa. Na atokaye mbali, ambaye basi lake halifiki mapema, amwulize daktari kabla, ili kidonge cha usiku wa kuamkia safari kimezwe saa itakayoafikiana na saa ya kipimo.

Cha nne ni kutafuta kingamwili zilizoundwa dhidi ya figo ile, na pia virusi. Na cha tano, kinapokuwapo wasiwasi, ni kuchukua kipande chembamba cha figo kwa sindano kikatazamwe kwa hadubini. Hicho ndicho kinachokata shauri, maana kriatinini hutuambia kwamba pana tatizo, na kipande cha figo hutuambia ni tatizo gani. Katika nchi nyingine wameanza pia kutafuta ndani ya damu ya mgonjwa chembechembe za urithi zilizotoka katika figo ya mpaji, kwa kuwa figo inayoumia huzimwaga nyingi, hata kabla kriatinini haijapanda.

Utaratibu unaopendekezwa kwa madaktari wa figo duniani ni huu: baada ya wiki ya kwanza, kriatinini hupimwa mara 2 au 3 kwa wiki mpaka mwezi utimie, kisha kila wiki katika mwezi wa pili na wa tatu, kisha kila wiki mbili mpaka mwezi wa sita, kisha kila mwezi mpaka mwaka utimie, na baada ya hapo kila miezi 2 au 3 daima. Ndugu wasomaji, hesabuni safari hizo. Kutoka Kondoa mpaka Dodoma ni zaidi ya kilometa 100, na kutoka Singida ni zaidi ya 200. Familia inayofikiri juu ya kupandikiza na ikae chini mapema ijiulize: nani atatoa nauli? Mgonjwa aweza kukaa kwa jamaa mjini miezi ile ya mwanzo? Bima yetu yalipa dawa hizi, au yalipa upasuaji peke yake? Maswali haya yaulizwe kabla ya kisu. Baada yake ni kuchelewa.

YANAYOVUNJA ULINZI NYUMBANI

La kwanza ni saa. Dawa ya mara mbili kwa siku ikiwa ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, basi iwe hivyo siku ya harusi, siku ya matanga na siku ya mavuno. Watoto wa nyumba wanaweza kupewa kazi ya kumkumbusha baba au mama, nao wataipenda. Na liwekwe daftari moja, kila ukurasa uwe na tarehe, kriatinini, kiasi cha dawa katika damu, na vidonge vilivyoamriwa. Daftari hili siku mgonjwa anapofika kwa daktari asiyemjua litasema kuliko maneno mia.

La pili ni dawa nyingine. Rifampisini, itumiwayo kutibu kifua kikuu, huishusha takrolimasi sana. Erithromaisini na flukonazoli huipandisha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo, huidhuru figo. Tunda la balungi nalo huipandisha takrolimasi, basi liepukwe. Ama mitishamba, hatusemi kwamba yote ni mibaya. Twasema kwamba nyingi haijulikani inafanya nini pamoja na dawa hizi, na figo ya kupewa si mahali pa kujaribia. Jirani aletaye chupa kwa nia njema ashukuriwe, na chupa iwekwe kando mpaka daktari aulizwe.

La tatu ni chakula na maji. Sisi watu wa bara la kati tumelelewa na maziwa, na wengi huyanywa mabichi au huyagandisha bila kuyachemsha. Kwa mtu ambaye askari wake wamepunguzwa, maziwa mabichi ni mlango wa ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo na kifua kikuu cha ng'ombe. Mkoa wa Dodoma waikumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, iliyotoka kwa mifugo ikaua watu. Basi maziwa yachemshwe, nyama iive, maji ya kunywa yachemshwe, na kazi ya kuchinja na kuzalisha mifugo wapewe wengine wa nyumbani.

La nne ni chanjo. Chanjo zenye kirusi kilicho hai, kama ile ya homa ya manjano na ya surua, hazimfai mpokeaji wa figo. Anayenuia Hija au safari nyingine amwone daktari wake miezi kadhaa kabla, asingoje foleni ya chanjo ndipo aseme.

JUU YA SAUMU

Hapa twajua kuwa wengi wana dukuduku. Mchana wa saumu kwetu Dodoma, tangu alfajiri mpaka magharibi, ni kama saa 13 na zaidi kidogo. Dawa inayotakiwa kila baada ya saa 12 haiingii humo bila kusogezwa, na kiu cha mchana katika joto la uwanda wetu huipandisha kriatinini. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, nayo ni rehema iliyotoka kwa Mwenye kuamrisha saumu. Wako waliokaa miaka na figo iliyotulia ambao daktari huwaruhusu kufunga chini ya vipimo, pengine kwa kuwabadilishia dawa ya mara moja kwa siku. Wako ambao hukatazwa, hasa wa mwaka wa kwanza, na asiyetarajiwa kuweza tena hulisha maskini kwa kila siku. Lililo baya ni mtu kuamua peke yake, akaacha kidonge kimya kimya kwa kuona haya mbele ya watu. Katika jambo hili daktari na shekhe waulizwe wote wawili, na wa nyumbani wasimtazame mgonjwa kwa jicho la lawama anapokunywa maji yake.

HAKI YA MPAJI

Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Jeddah mwezi wa Februari 1988, likakubali kiungo kutolewa kwa mtu hai kumpa mwingine, kwa masharti: mtoaji asidhurike kwa namna itakayovunja maisha yake ya kawaida, atoe kwa hiari yake, na kiungo kisiuzwe. Neno hiari tulitie moyoni. Katika familia zetu kijana aweza kusukumwa kwa macho tu, bila neno kusemwa, mpaka akakubali asilolitaka. Mwachieni afikiri. Na akiisha kutoa, asisahauliwe. Naye apimwe shinikizo la damu, mkojo na kriatinini kila mwaka, maana amebakiwa na figo moja.

Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Figo ya kupewa ni mgeni aliyeshika jembe tangu siku ya kwanza, hulima mchana na usiku bila kulalamika. Lakini wenyeji wa nyumba hawamzoei kamwe, na wakiachwa bila msimamizi watamfukuza. Msimamizi huyo ni kidonge cha saa yake na kipimo cha siku yake. Nduguye mtu amelazwa kitandani akakatwa ubavu ili kuitoa figo ile. Kuisahau kwa sababu ya kujiona mzima ni kuipoteza amana ya mtu aliyetuamini.

Basi mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani mwake, leo usiku na atazame: kidonge kimemezwa? Siku ya kipimo ni lini? Nauli ipo? Mambo haya matatu yakijibiwa, tumetimiza sehemu yetu, na uponyaji ni wa Mola.

Wabillahi taufiki.